Tuliosoma shule za msingi mpakani Mtwara na Lindi enzi za vita vya Msumbiji, tuandike tukingali hai

Mwalimu_wa_Bondeni

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa, na sisi wa Mtwara akili inakwenda moja kwa moja Naliendele, walikolazwa askari wetu wa JWTZ. Ni haki yao. Habari za ukombozi nazo zimeandikwa: viongozi, kambi za Kongwa na Nachingwea, vikao vya Dar es Salaam. Mimi kwenye uzi huu nawatafuta watoto. Nawatafuta wale waliokuwa wanakwenda shule na kibao mkononi katika vijiji vya kando ya Ruvuma, wakati ng'ambo kunaungua. Wengi wameshatangulia mbele za haki, na tuliobaki tuna miaka sitini, sabini. Tukinyamaza sisi, hakuna wa kuulizwa.

Kwa vijana ambao hawajui mpangilio: FRELIMO, chama cha kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Mreno, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Risasi ya kwanza ya vita ikalia tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Tazama ramani. Cabo Delgado ndiyo ng'ambo yetu. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu siku isiyo na ukungu, unaliona bonde lote la Ruvuma na milima ya upande wa pili. Vita haikuwa habari ya redioni kwa watu wa kule, ilikuwa inaonekana kwa macho, moshi wake na mwanga wake usiku.

Mimi nilianza darasa la kwanza 1968 katika kijiji cha bondeni. Jina la kijiji naliacha makusudi, familia za watu nitakaowasema bado zipo.

Shule yetu ilikuwa na jengo moja la bati, na ndilo bati pekee kijijini. Wazazi walilichangia kwa fedha za korosho na walikuwa wanajivunia. Vita ilipokaribia, bati likageuka kuwa mzigo. Jua la saa nne likilipiga linameta, mtu aliyeko juu uwandani analiona, je rubani? Mwalimu mkuu akaamuru lifichwe. Sisi tulikanyaga udongo shimoni, akina baba wakapanda kuupaka, halafu juu yake wakatandaza matawi ya mikorosho. Mvua kubwa ya kwanza ikausomba wote ukutani, darasa likawa jekundu kuanzia juu mpaka chini. Tukapaka tena. Ikawa ndiyo kazi ya kila mwaka, kama vile kufyeka uwanja.

Mahandaki yalichimbwa nyuma ya madarasa chini ya miembe. Yalipindapinda kwa makusudi, ili kitu kikidondokea kona moja kisiwamalize wa kona nyingine. Udongo wa bondeni ni mfinyanzi, unashika maji, kwa hiyo masika yakianza handaki linajaa maji na vyura. Watoto wadogo walikuwa wanamwogopa nyoka wa handakini kuliko ndege ya Mreno. Halafu kulikuwa na jambo ambalo watu wazima hawakulifikiria mpaka lilipotokea: mtoto wa darasa la kwanza kuingia anaweza, kutoka hawezi. Siku ya zoezi la kwanza tulibaki mle ndani tunalia mpaka wakubwa wakatuvuta mmoja mmoja. Kesho yake walimu wakachonga vidato ukutani, na kila mtoto mdogo akapewa mkubwa wake wa darasa la nne. Wangu alikuwa binti wa jirani. Kazi yake ilikuwa kunishika mkono kengele ikilia, basi. Hakuniachia hata mara moja.

Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini. Ikipigwa kwa kutulia, ni kuingia darasani au kwenda mapumziko. Ikipigwa mfululizo, acha kila kitu, toka kwa mlango ulio karibu, usirudi kuchukua daftari. Lala kifudifudi, ziba masikio, achama. Kuachama tulikuwa hatuelewi kwa nini, tukawa tunachekana. Ni kwa ajili ya mshindo, masikio yasipasuke.

Na mashati meupe yalipigwa marufuku. Wachache waliokuwa na sare wakaambiwa wazivae siku za sherehe tu, na hata kuzianika nje hapana. Mama yangu alilichovya la kwangu kwenye maji ya magome likawa la kahawia.

Ndege nyingi zilipita tu. Lakini mtoto hajui ipi itapita na ipi itageuka. Unaandika imla, muungurumo unatokea kusini, mwalimu anakatisha sentensi na kugeuza sikio dirishani, darasa zima linamtazama yeye usoni. Yule mwalimu, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kuendelea na neno lile lile alipoachia pindi ndege ikishapita. Hakusema chochote kuhusu ndege. Leo nikiwa mwalimu mstaafu ndiyo naelewa alikuwa anafanya nini.

Kilichotutisha zaidi ni kilichokuwa ardhini. Wareno walitega mabomu mpaka upande wetu. Mgambo walikuwa wanaipita njia ya shule asubuhi kabla yetu, na sisi tunafuata mstari mmoja, hakuna kuchepuka kuchuma mabungo wala kukimbiza panya. Mtoni kuoga marufuku. Kuokota chuma usichokijua marufuku. Mwenzetu mmoja wa darasa la tatu alichepuka kidogo tu njia ya kisimani. Alipona, lakini mguu ulibaki kule. Alirudi shule baada ya mwaka na fimbo aliyochongewa na babu yake, akamaliza darasa la saba. Nataka hilo lijulikane: alimaliza.

Nitaendelea na habari ya wageni waliotujia darasani. Wengine tieni neno.

Binti_wa_Rutamba

Shikamoo mwalimu. Nimesoma huku machozi yananitoka, kwa sababu mama yangu ni mmoja wa hao wageni unaotaka kuwaeleza.

Mama ni Mmakonde wa Mueda. Alivuka Ruvuma akiwa mtoto, usiku, kwa mtumbwi, mdogo wake amefungwa mdomo kwa kanga asilie. Walifikia kwanza kwa ndugu upande wa Newala, maana Wamakonde tupo pande zote mbili za mto na ukoo ni ule ule. Baadaye serikali ikawa inawaondoa wakimbizi mpakani kuwapeleka ndani zaidi, wao wakapelekwa Rutamba, huku Lindi.

Kabla ya kuvuka alikuwa ameshasoma kidogo kwenye shule ya porini ya Frelimo, maeneo yaliyokombolewa. Anasema darasa lilikuwa chini ya miti minene, na mkiona mmekanyaga sana mpaka njia imekuwa nyeupe, mnahama, kwa sababu njia nyeupe inaonekana kutoka juu. Moto wa kupikia mchana haukuwashwa. Chaki hakuna, waliandika kwa vipande vya makopa, muhogo mkavu, kwenye ubao wa mti uliopakwa mkaa. Mwanafunzi akishikwa na njaa anaitafuna chaki yake, mwalimu anakasirika kwelikweli.

Rutamba alipofika ana miaka kama kumi na miwili akaingizwa darasa la kwanza, kwa sababu herufi alizijua kwa Kireno na Kiswahili cha kuandika hakukijua. Kukaa na watoto wadogo kulimuumiza kuliko vita, hayo ni maneno yake mwenyewe. Aliacha alipofika darasa la nne akaolewa. Mpaka leo anasoma gazeti kwa sauti ya chini, na hesabu za kuuza korosho hakuna wa kumpunja.

Mwalimu_wa_Bondeni

Marahaba binti yangu. Mpe mama salamu nyingi.

Habari ya makopa nami naikumbuka, ila niliiona upande huu. Wageni walipojaa kwetu ilikuwa baada ya Julai 1970. Mwezi huo jenerali wa Kireno, Kaúlza de Arriaga, alianzisha operesheni kubwa kuliko zote huko Cabo Delgado, askari wanatajwa kufika 35,000, na ndege, na mizinga. Alisema anaimaliza Frelimo. Hakuimaliza, lakini watu walivuka. Siku moja darasa letu lilikuwa la kawaida, wiki iliyofuata kulikuwa na watoto kwenye dawati, chini ya dawati, na mlangoni. Rejista ya mwalimu ikaisha mistari, akawa anaandika majina pembeni.

Tuliwaelewa, lugha ni moja. Tofauti ilikuwa kwenye mambo madogo. Kengele ya mapumziko ikilia sisi tunakimbilia uwanjani, wao wanakimbilia miembeni kwenye mahandaki. Ilichukua muda. Na kulikuwa na kijana mmoja, mkubwa kwa umri kuliko sisi wote, aliyekuwa hawezi kukaa amegeuzia mlango mgongo. Mwalimu alimpa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, na alipiga marufuku mtu kumuuliza kwa nini. Huyo kijana ndiye aliyetufundisha kuandika kwa makopa, chaki za shule zilipokuwa zimekwisha na gari la vifaa limekwama upande wa pili wa mto uliojaa.

Chakula nacho. Msaada wa wakimbizi ulikwenda makambini. Hawa waliokaa kwa ndugu hawakuhesabiwa. Kwa hiyo shamba la shule, ambalo tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kila shule ilitakiwa kuwa nalo, kwetu likawa ndilo ghala. Muhogo na mbaazi. Mwalimu mkuu alikata kauli kwamba mavuno yasiuzwe, yapikwe. Saa nne tunakula muhogo wa kuchemsha, mgeni na mwenyeji bakuli moja. Masika tukaingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni. Mtu wa mikoa mingine hajui ming'oko, lakini mtu wa kusini akilisikia jina hili anajua nazungumzia chakula cha kuokoa roho.

Chuma_cha_Kusini

Mwalimu heshima kwako, uzi mzito. Ila naomba niseme jambo ambalo wazee wetu huwa mnalipitia juu juu.

Kusini tulilipa gharama ya ukombozi wa watu wengine na hatukulipwa. Barabara hazikujengwa kwa sababu tulikuwa eneo la vita. Wawekezaji hawakuja kwa sababu tulikuwa eneo la vita. Watoto wa Kilimanjaro na Bukoba wanasoma kwa utulivu, nyinyi mnajifunza kuachama handakini. Halafu matokeo ya mitihani yakitoka wanasema watu wa kusini hawapendi shule. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwalimu_wa_Bondeni

Mkuu, kuuma kwako ni halali, nami sitakubishia kwenye hilo la kusemwa vibaya. Nimefundisha watoto wa kusini maisha yangu yote. Hawapendi shule? Mtoto aliyetembea nyuma ya mgambo kwenda kuandika kwa makopa?

Lakini tusiipe vita mizigo yote. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ukafa, na reli ikafungwa 1962. Hapo Frelimo ndiyo kwanza inaundwa, risasi bado miaka miwili. Bandari ya Mtwara, yenye kina kizuri hivi, nayo ilijengwa kwa karanga hizo hizo na ikabaki inasubiri korosho. Na mto Rufiji tulikuwa tunauvuka kwa pantoni mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Msumbiji ilipata uhuru 25 Juni 1975. Hiyo miaka 28 ya katikati huwezi kumdai Mreno.

Na kuhusu ukombozi wa watu wengine, hapo tutatofautiana moja kwa moja. Mtoto niliyekula naye bakuli moja hakuwa mtu mwingine. Shangazi yake alikuwa jirani yetu. Tungefunga mpaka tukalala salama, tungemfungia nani?

Chuma_cha_Kusini

Nimekuelewa mwalimu. La reli sikulijua tarehe yake. La gharama bado nalishikilia, lakini nakubali halikuanza na vita.

Mzee_wa_Nyangao

Naongezea kidogo kwa upande wa Lindi, ili vijana waone kwamba shule za huku zimeonja vita mapema. Agosti 1905, wakati wa Majimaji, misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto, na Masasi pia. Shule zilikuwa humo humo misheni. Zikajengwa upya. Oktoba 1917, tarehe 15 mpaka 18, Waingereza na Wajerumani wakapigana Mahiwa, hapo hapo jirani yetu, vita mbaya kuliko zote za Afrika Mashariki kwa ukubwa wa maafa kwa siku chache. Babu zetu walibebeshwa mizigo na pande zote mbili. Nilipokuwa mtoto wazee bado walikuwa wanatukataza kuchimba baadhi ya mashamba.

Kijana_wa_Nachingwea

Mimi ni wa Nachingwea mjini, nimezaliwa 1962. Kwetu vita ilikuwa na sura nyingine, ya malori. Kambi ya Frelimo ilikuwa Farm 17, mashamba ya zamani ya karanga, na sisi watoto wa shule tulijua siku za malori kuingia na kutoka. Walimu walituonya: ulichokiona barabarani kinaishia machoni. Tulifundishwa kwamba mtu akikuuliza malori mangapi yamepita, hata akikupa pipi, jibu lako ni kwamba ulikuwa shambani. Watoto wa miaka minane tulikuwa tunatunza siri ya jeshi, na tuliitunza.

Mwalimu wetu alisimama mstarini Februari 1969 kutuambia Dk. Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, ameuawa Dar es Salaam kwa bomu lililokuwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta. Kwa muda mrefu baada ya hapo kuna watoto darasani waliogopa kufungua vitabu vipya vikija kwenye maboksi. Mwalimu alikuwa anavifungua yeye kwanza, mbele yetu, kimoja kimoja, anavitikisa, ndipo anagawa.

Halafu Mei 1975, Samora Machel, aliyeiongoza Frelimo baadaye, anaanza safari yake ya kutoka Ruvuma mpaka Maputo. Shule zilifungwa siku ile. Ngoma zilizopigwa Nachingwea sijazisikia tena.

Bint_Mikindani

Mwalimu shikamoo. Umesema baadaye ulikuwa mwalimu. Vita vya Kagera vilikukuta wapi? Mimi baba yangu alikwenda vita hivyo akitokea Lindi na sikumwona tena. Nilikuwa darasa la pili.

Mwalimu_wa_Bondeni

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naomba nikujibu kwa urefu.

Nilimaliza darasa la saba 1974, mwaka ule ule Azimio la Musoma lilipoamua kila mtoto aingie shule. Walimu wakahitajika kwa maelfu, nami nikaingia kwenye ualimu wa UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1978 nilikuwa nafundisha kijiji kimoja cha pwani, Lindi. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akazungumza na wazee pale Diamond Jubilee. Tulisikiliza kijiji kizima kwenye redio moja ya ushirika, imewekwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, dirisha wazi, watu wamejaa uwanjani mpaka kwenye minazi.

Kagera ni mbali na Lindi kama nchi nyingine. Lakini amri ya mahandaki ikaja, nasi tukachimba. Mchanga wa pwani hausimami. Unachimba leo, kesho limejifukia. Tukasuka fito na makuti kama ukuta wa nyumba, likashika. Nilichonga vidato kabla ya mtu kuniambia.

Wanaume waliondoka kwa mafungu, mgambo kwanza. Walimu wenzangu wawili wakaenda. Nikabaki na madarasa matatu kwenye chumba kimoja, huku hesabu, huku kusoma, huku wanaandika kimya. Hayo mengine, sabuni kukosekana tukafua kwa majani ya mpapai, daftari moja kukatwa mara mbili wagawane watoto wawili, mafuta ya taa kwa foleni, yanajulikana na nchi nzima, siyarudii.

Ninachotaka kukueleza ni barua. Kina mama wengi walikuwa wamepita kisomo cha watu wazima, wangeweza kuandika kidogo, lakini barua ya kwenda vitani walitaka iandikwe vizuri. Kwa hiyo wakawa wanakuja shuleni jioni na mtoto wao. Darasa la tano na la sita ndio waandishi. Nikaligeuza somo la Kiswahili likawa hilo hilo: anuani ya kikosi kona ya juu, salamu, kiini, hitimisho. Mama anakaa kwenye dawati la mwanawe, anasema, mtoto anaandika. "Mwambie nyumba tumeezeka upya. Mwambie mbuzi kazaa wawili. Usimwambie bibi anaumwa." Na mtoto anaandika mbuzi kazaa wawili, anaruka la bibi, kalamu inatetemeka kwa sababu bibi mwenyewe ndiye anayelala naye.

Nilikuwa nasoma barua zote kabla ya kubandika bahasha, kusahihisha tu tahajia. Maneno sikuyagusa. Kulikuwa na mvulana aliyeandika mwishoni, kwa herufi ndogo ili mama asione, "Baba nimepata ya tatu darasani, rudi uone." Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na miezi ikapita kabla wanaume hawajaanza kurudi. Baba wa mvulana yule alirudi. Wengine, kama baba yako, hawakurudi, na watoto wao niliwafundisha mpaka la saba. Sikuwa na mafunzo yoyote ya namna ya kumfundisha mtoto wa aina hiyo. Nilimwiga yule mwalimu wangu wa imla: somo linaendelea, na mtoto akitaka kutoka nje anatoka bila kuomba ruhusa.

Bint_Mikindani

Ahsante mwalimu. Mama alikuwa na barua moja ya baba ya kujibu, imeandikwa kwa penseli. Aliulizia habari zangu za shule. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu upande huu aliyemwandikia kwanza. Nitamuuliza mama nani aliandika.

Mwl_Kijana_Mpakani

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Naomba niulize jambo la leo, sio la zamani.

Ninafundisha shule ya msingi moja ya vijiji vya kando ya mto Ruvuma. Tangu Mocímboa da Praia, huko Cabo Delgado, iliposhambuliwa na wapiganaji wenye silaha Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma, Machi 2021, tumekuwa tukipokea watoto kutoka Cabo Delgado. Upande wetu nao tulionja: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilivamiwa na watu wakauawa. Kuna kipindi wazazi walikuwa wanalala na watoto mbali na nyumba, asubuhi mtoto anakuja darasani hajalala. Sasa hali imetulia, lakini watoto wapo. Wanakaa kwa ndugu. Hawana karatasi ya uhamisho, hawana cheti cha kuzaliwa. Mmoja ana miaka kumi na moja, Kireno anasoma vizuri, Kiswahili anazungumza ila haandiki. Nimeshauriwa nimweke darasa la kwanza. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Binti_wa_Rutamba

Mwalimu usimweke darasa la kwanza, nakuomba. Nimemsomea mama swali lako sasa hivi. Anasema: muweke na wenzake wa umri wake, halafu muda wa mapumziko mpe kitabu cha la kwanza kwa siri. Anasema akisikia silabi za Kiswahili atazishika ndani ya muhula, kwa sababu Kireno na Kiswahili irabu zinasomeka karibu sawa. Na anasema umuulize kama anajua hesabu, kwa sababu hesabu haina lugha, atapata heshima hapo mapema.

Mwalimu_wa_Bondeni

Mwalimu mwenzangu, fuata maneno ya mama wa Rutamba, yeye anajua kuliko sote humu. Nami naongeza ya kiutendaji.

Karatasi isikuzuie kumwandika. Mpeleke mlezi kwa mtendaji wa kijiji aandike barua ya utambulisho, uiweke kwenye faili, umwarifu afisa elimu kata kwa maandishi ili usije ukaachwa peke yako siku ya kuulizwa. Muandike kwenye rejista siku hiyo hiyo aliyofika. Mtoto ambaye jina lake haliitwi asubuhi, baada ya wiki moja hatakuja.

Usimsimamishe mbele aeleze yaliyompata. Kuna walimu wanaona ni kumsaidia. Mwenyewe akitaka atasema, na mara nyingi atamwambia mtoto mwenzake, sio wewe. Kwa hiyo mpe mwenzake: chagua mtoto wa la sita au la saba mwenye utulivu, wa kijiji kimoja naye, watembee pamoja asubuhi na jioni. Kama anataka kukaa karibu na mlango, mwache akae. Kama kuna fataki za harusi au mlio wowote mkubwa utakaokuja, mwambie mapema.

Na andika. Logi buku ya shule yako, mwalimu mkuu akikubali, ingizeni siku walipofika, wangapi, mliwaweka madarasa gani, mlikula nini. Logi buku ya shule yangu ya bondeni niliitafuta nilipostaafu. Miaka yote ya 1968 mpaka 1974 imeliwa na mchwa, na ndiyo maana nawasumbua humu ndani.

Wengine wa Kilambo, Mahurunga, Tandahimba, Nanyumbu, Tunduru, na ninyi wa Matekwe mliopokea wakimbizi, njooni. Andikeni darasa mlilokuwa, mwaka, na kitu kimoja mnachokikumbuka vizuri. Asiyependa kuandika hadharani anitumie PM, nitaingiza bila jina. Kesho nitaweka majina ya michezo tuliyokuwa tunacheza handakini, yapo kama sita hivi, na mmoja wake tulifundishwa na wageni.